Damu Katika Mkojo Baada ya Tiba ya Mchochota wa Mishipa ya Damu: Hatari ya Saratani na Namna ya Kuiwahi

Utangulizi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mama wa miaka 46, mkulima wa iliki wa Zirai katika milima ya Usambara, anafika zahanati akieleza kwamba mkojo wake umekuwa mwekundu kwa siku tatu, bila maumivu wala homa. Mhudumu anafahamu kwamba mama huyo alilelewa na wajomba zake katika nyanda za chini za Tanga, ambako kichocho kinajulikana. Anampa prazikwanteli, na baada ya siku chache damu inakoma. Miezi miwili baadaye damu inarudi. Anapewa tena prazikwanteli, nayo inakoma tena. Mara ya tatu anapokelewa na mhudumu mwingine, ambaye kabla ya kuandika dawa anamuuliza: "Mama, huko nyuma uliwahi kulazwa hospitali kubwa, au kutumia dawa kwa muda mrefu?"

Mama anajibu: "Ndiyo, mwanangu. Miaka tisa iliyopita niliugua mapafu na figo. Nilimeza vidonge mwaka mzima, nikapona."

Jibu hilo linabadilisha kabisa namna ya kumhudumia. Ugonjwa aliougua ulikuwa mchochota wa mishipa ya damu, unaoitwa pia vaskulaitisi, na vidonge alivyomeza vilikuwa saiklofosfamidi. Dawa hiyo iliokoa maisha yake. Hata hivyo, ni dawa inayoweza kusababisha saratani ya kibofu cha mkojo miaka mingi baada ya kuachwa. Somo hili linaeleza hatari hiyo inatoka wapi, ni kubwa kiasi gani, na mgonjwa na mhudumu wanaweza kufanya nini ili saratani igunduliwe ingali changa.

Ugonjwa wenyewe

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vimelea. Katika vaskulaitisi, kinga hiyo hukosea adui na kushambulia kuta za mishipa ya damu ya mwili wenyewe. Ukuta wa mshipa huvimba; njia ya damu hupungua au huziba, na wakati mwingine ukuta hupasuka na damu kuvuja. Kiungo kilichokuwa kikilishwa na mshipa huo huanza kuharibika.

Magonjwa haya hugawanywa kwa ukubwa wa mishipa inayoshambuliwa. Katika mishipa mikubwa, upo ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Huwapata zaidi wanawake vijana, na dalili yake mojawapo ni mapigo ya damu kutosikika katika mkono mmoja. Katika mishipa ya kati, upo ugonjwa wa poliateritisi nodosa, ambao mara nyingine hutokana na virusi vya homa ya ini aina ya B. Katika mishipa midogo, yapo magonjwa yanayoambatana na kingamwili ziitwazo ANCA. Lililochunguzwa zaidi kuhusu saratani ni granulomatosi yenye poliangiitisi, ambayo hushambulia pua, mapafu na figo.

Ugonjwa huu wa mwisho hufanana sana na kifua kikuu: mgonjwa hukohoa damu, hukonda, hupata homa, na picha ya eksirei huweza kuonesha mashimo katika mapafu. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayana vimelea vya kifua kikuu, hapati nafuu kwa dawa za kifua kikuu, na mkojo wake una damu na protini, anastahili kupelekwa hospitali ya rufaa mapema, kwa kuwa figo huweza kufa ndani ya wiki chache.

Dawa iliyogeuza hatima ya wagonjwa

Uzito wa hatari ya saratani hauwezi kupimwa bila kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya tiba. Mwaka 1958 daktari Walton wa Uingereza alichapisha taarifa za wagonjwa wa granulomatosi ambao hawakuwa na tiba ya maana: asilimia 82 walifariki ndani ya mwaka mmoja.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1970, pale Anthony Fauci na Sheldon Wolff wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walipoonesha kwamba saiklofosfamidi ikitolewa pamoja na prednisoloni hutuliza ugonjwa. Katika ripoti ya taasisi hiyo ya mwaka 1992, iliyowafuatilia wagonjwa 158, asilimia 91 walipata nafuu kubwa. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa ambao mtu huishi nao.

Saiklofosfamidi haikubuniwa kwa ajili ya mishipa ya damu. Ni dawa ya kutibu saratani, na Afrika Mashariki inaifahamu kwa muda mrefu: huko Mulago, Kampala, ilitumika kuwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt tangu miaka ya 1960. Huua seli zinazogawanyika kwa kuharibu vinasaba vyake. Katika vaskulaitisi huzikandamiza seli za kinga zilizokosea njia. Lakini seli nzima nazo huguswa, na seli ambayo vinasaba vyake vimeharibiwa bila kufa huweza, baada ya miaka, kuwa chanzo cha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka saiklofosfamidi katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Azathiopurini imo katika kundi hilo hilo, na kadhalika vimelea vya kichocho cha mkojo.

Hatari hutoka wapi

Njia ya kwanza ni dawa zenyewe. Saiklofosfamidi ikivunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo akrolini, ambayo hutolewa kupitia mkojo. Inapokaa ndani ya kibofu huchoma ukuta wake. Kwa muda mfupi, huweza kusababisha mchochota wa kibofu wenye kutoa damu. Kwa muda mrefu, kibofu huweza kupata saratani. Dawa hiyo hufika pia katika uboho wa mifupa, ndiyo maana saratani ya damu nayo imo katika orodha ya hatari.

Njia ya pili ni kudhoofika kwa kinga. Virusi kadhaa vinavyosababisha saratani hukaa mwilini kimya vikizuiwa na kinga. Kinga ikishushwa kwa miezi mingi, virusi vya papiloma huweza kuendeleza mabadiliko katika shingo ya kizazi, na virusi vya kundi la malengelenge vinavyosababisha sarkoma ya Kaposi huweza kuamka.

Njia ya tatu ni ugonjwa wenyewe. Seli za kinga zinazochochewa bila kupumzika kwa miaka huweza kupoteza mpangilio na kugeuka limfoma. Mchango wa njia hii ni mdogo ukilinganishwa na ule wa dawa.

Lipo pia jambo la kinyume: saratani kujificha nyuma ya sura ya vaskulaitisi. Mzee anayetokwa na madoa mekundu yasiyofifia yakibonyezwa, hasa miguuni, akiwa na upungufu wa damu au tezi zilizovimba, anahitaji kuchunguzwa kama ana saratani ya damu au limfoma kabla ya kuanza dawa za muda mrefu.

Ukubwa wa hatari

Ripoti ya Marekani ya mwaka 1992 ilionesha kwamba saratani ya kibofu ilitokea mara 33 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa watu wa kawaida, na limfoma mara 11 zaidi. Takwimu hizo ziliwashtua madaktari, lakini wagonjwa wale walikuwa wamemeza vidonge kila siku kwa muda mrefu, wengine kwa miaka kadhaa. Nchini Sweden, uchunguzi wa mwaka 2002 uliohusisha wagonjwa 1,065 ulikuta saratani zote kwa jumla zikiwa mara 2 ya kawaida, na saratani ya kibofu mara 4.8.

Neno "mara" hutisha likisomwa peke yake. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, wagonjwa 145 waliotumia saiklofosfamidi walifuatiliwa. 7 kati yao walipata saratani ya kibofu. Kwa hiyo, wengi hawakuipata katika kipindi hicho. Uchunguzi huo ulitoa funzo lingine muhimu zaidi kwa zahanati: wote 7 walikuwa wamepata damu katika mkojo kabla ya saratani kugunduliwa. Kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii damu huonekana kwa macho, na kwa wengine huonekana kwa kipimo tu. Wale ambao mkojo wao haukuwahi kuwa na damu ya namna hiyo hawakupata saratani ya kibofu.

Hesabu ya dozi

Nchini Denmark, wagonjwa 293 wa granulomatosi walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Hatari ya saratani ya kibofu na ya saratani kali ya damu ilijitokeza kwa wale waliotumia jumla ya zaidi ya gramu 36 za saiklofosfamidi katika maisha yao. Saratani za kibofu ziligunduliwa kati ya karibu miaka 7 na zaidi ya miaka 18 baada ya dawa kuanza.

Kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa na mhudumu yeyote mwenye kalamu. Mgonjwa aliyemeza miligramu 100 kila siku kwa siku 365 ametumia miligramu 36,500, yaani gramu 36.5. Mama wa Zirai katika mfano wa somo hili, kama hiyo ndiyo iliyokuwa dozi yake, amevuka mpaka huo kwa mwaka mmoja tu. Mgonjwa mwenye uzito wa kilo 60 anayechomwa miligramu 15 kwa kila kilo hupokea miligramu 900 kwa sindano moja. Sindano 6 ni gramu 5.4, na sindano 10 ni gramu 9.

Gramu 36 zisichukuliwe kuwa ukuta kati ya usalama na hatari. Hatari huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka, na uvutaji wa sigara huizidisha, kwa kuwa moshi wa tumbaku wenyewe ni chanzo cha saratani ya kibofu.

Damu katika mkojo: maswali manne

Katika nchi zilizotoa takwimu hizo, kichocho hakipo. Katika ukanda wa pwani wa Tanga, Zanzibar na kandokando ya Ziwa Victoria, kipo. Hapo ndipo ugumu wa pekee wa Tanzania ulipo: mkojo mwekundu una jina tayari, na jina hilo huweza kufunga mjadala kabla haujaanza. Kwa mgonjwa aliyewahi kutibiwa vaskulaitisi, mhudumu anapaswa kupitia maswali manne.

Swali la kwanza: je, ni kichocho? Mkojo upimwe kwa hadubini kutafuta mayai ya vimelea. Sampuli nzuri ni ya kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambapo mayai hutoka kwa wingi. Mayai yakionekana, prazikwanteli itolewe, na mkojo upimwe tena baadaye. Hata hivyo, kupatikana kwa mayai hakuondoi uwezekano wa saratani, maana kichocho cha muda mrefu nacho husababisha saratani ya kibofu. Mtu aliyepata vyote viwili, kichocho cha utotoni na saiklofosfamidi ya utu uzima, ana sababu mbili za kufuatiliwa.

Swali la pili: je, ni maambukizi ya njia ya mkojo? Maumivu wakati wa kukojoa, homa na chembe nyeupe katika mkojo huashiria hivyo. Baada ya matibabu, mkojo upimwe tena ili kuthibitisha kwamba damu imekwisha.

Swali la tatu: je, vaskulaitisi imeamka katika figo? Damu ikifuatana na protini nyingi, shinikizo la damu kupanda, miguu kuvimba au kreatinini kuongezeka, hiyo ni dharura ya figo. Mgonjwa asisubiri tarehe ya kliniki.

Swali la nne: je, chanzo ni kibofu chenyewe? Damu isiyo na maumivu, inayokuja na kuondoka, kwa mtu aliyewahi kutumia saiklofosfamidi, inahitaji kibofu kitazamwe kwa ndani kwa mrija wenye kamera, na kinyama kichukuliwe pale panapotiliwa shaka. Kupima seli za mkojo peke yake hakutoshi, kwani saratani nyingi huponyoka kipimo hicho. Ultrasaundi isiyoonesha kitu nayo haitoshi.

Damu kukoma yenyewe si dalili ya kupona. Uvimbe wa kibofu hutoa damu leo na kunyamaza mwezi mzima. Ndiyo maana mama wa mfano alionekana kama amepona kwa prazikwanteli mara mbili.

Saratani nyingine za kuangaliwa

Kwa wanawake, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza nchini Tanzania. Mwanamke anayetumia dawa za kushusha kinga asikose uchunguzi wa shingo ya kizazi, ukiwemo ule wa kutumia siki unaopatikana katika vituo vingi vya afya. Chanjo ya virusi vya papiloma imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote tangu mwaka 2018, na binti mwenye vaskulaitisi ana sababu ya ziada ya kuipata.

Saratani za ngozi huongezeka kwa wanaotumia azathiopurini, hasa watu wenye ngozi nyeupe. Kwa Tanzania, tahadhari hii inawahusu zaidi watu wenye ualbino: kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua, na ngozi kukaguliwa mara kwa mara. Kwa wagonjwa wote, madoa ya zambarau au meusi yanayoinuka juu ya ngozi au ndani ya kinywa yaoneshwe kwa daktari, kwani yanaweza kuwa sarkoma ya Kaposi. Tezi zinazovimba bila maumivu, jasho jingi la usiku na kukonda huhitaji uchunguzi wa limfoma na wa kifua kikuu kwa pamoja.

Tiba ilivyobadilika

Wanaoanza tiba sasa wana hatari ndogo kuliko waliotangulia. Uchunguzi wa Ulaya wa mwaka 2003 ulionesha kwamba, ugonjwa ukishatulia baada ya miezi 3 hadi 6, saiklofosfamidi inaweza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na azathiopurini bila ugonjwa kurudi zaidi. Mwaka 2009, uchunguzi mwingine ulionesha kwamba sindano za vipindi hutuliza ugonjwa sawa na vidonge vya kila siku, kwa takriban nusu ya dozi ya jumla. Mwaka 2010 ilithibitika kwamba rituksimabu inaweza kutumika badala ya saiklofosfamidi, na ufuatiliaji wa baadaye umeonesha saratani chache zaidi kwa wanaoitumia. Rituksimabu ina gharama kubwa, na kabla ya kuitoa ni lazima mgonjwa apimwe homa ya ini aina ya B, maana virusi hivyo huweza kuamka na kuharibu ini.

Mabadiliko hayo yasimfanye mgonjwa aliyepewa saiklofosfamidi aikatae. Ugonjwa usiotibiwa huua ndani ya miezi. Hatari ya saratani ni ya miaka ijayo, na inaweza kupunguzwa na kufuatiliwa.

Wajibu wa mgonjwa

Mgonjwa anayemeza saiklofosfamidi aimeze asubuhi, anywe maji mengi mchana kutwa isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa sababu ya figo, akojoe mara kwa mara, na amwage mkojo kabla ya kulala. Aache sigara. Asiache dawa wala kubadilisha dozi bila ushauri, na asikose kupima damu kwa tarehe alizopangiwa.

Baada ya tiba kwisha, apime mkojo angalau mara mbili kwa mwaka, maisha yake yote. Kipimo cha kijiti hufanyika zahanati na majibu hupatikana papo hapo. Kwa wakazi wa milimani, ambako masika huharibu barabara na safari ya mjini hugharimu mapato ya siku kadhaa, kipimo hicho ni njia ya kujua mapema nani anahitaji kweli kusafiri.

Wajibu wa mhudumu

Anayemruhusu mgonjwa kutoka hospitali aandike katika daftari lake, kwa maandishi yanayosomeka, mambo manne: jina la ugonjwa, jina la dawa, tarehe ya kuanza na kumaliza, na jumla ya gramu alizotumia. Aongeze sentensi moja: "Akiwa na damu katika mkojo, wakati wowote, apelekwe kuchunguzwa kibofu." Daftari hilo likipotea, mgonjwa awe anajua kutaja jina la dawa yake kama anavyojua jina la kijiji chake.

Mhudumu wa zahanati aulize kuhusu dawa za zamani kila anapokutana na mkojo wenye damu kwa mtu mzima. Damu ikirudi baada ya prazikwanteli, hatua inayofuata ni rufaa. Kutoka Usambara njia ya kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, na kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa KCMC Moshi, ambako upasuaji wa njia ya mkojo hufanyika na kufundishwa, au Muhimbili. Saratani ikithibitishwa, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hushiriki katika tiba.

Hitimisho

Mama wa Zirai anapelekwa rufaa. Kibofu kinapotazamwe kwa ndani, panaonekana uvimbe mdogo ambao haujaingia katika msuli. Uvimbe wa hatua hiyo huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa katika njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mgonjwa huendelea kutazamwa kwa miaka kadhaa kwa sababu huweza kurudi. Kama prazikwanteli ingerudiwa mara ya tatu na ya nne, uvimbe huo ungepata muda wa kuzama katika msuli, na tiba yake ingekuwa kuondoa kibofu chote, au kutuliza maumivu tu.

Kilichotenganisha njia hizo mbili ni swali lililoulizwa zahanati, bila gharama yoyote. Mgonjwa aliyepona vaskulaitisi ana haki ya kuulizwa swali hilo, na kila mhudumu anayepokea mkojo mwekundu ana uwezo wa kuliuliza.